Je, wajua kwa nini saba humla mzungu wa nne?

Mgeni akiketi barazani Mji wa Kale, Mombasa, akatazama mchezo wa karata wa wahedi wa sitini ukichezwa, hushangaa: mtu atupa saba, na mzungu wa nne, yaani karata ambayo kwingine ndiyo mfalme, analiwa (anashindwa). Hakuna aliyekosea. Hapa karata hupimwa kwa pointi.

Ree (ace) ina 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Ndiyo sababu ghulamu, mzungu wa tatu, humla bibi, mzungu wa pili. Sita hadi mbili hazina kitu. Nane, tisa na kumi hutolewa kabla ya kuchanga, zibaki karata 40. Kila aina (kopa, uru, shupaza, pao) ina pointi 30, jumla 120. Basi mwenye 61 ameshinda, na 60 kwa 60 ni sare. Hesabu hii ndiyo ya sueca na bisca, michezo ya Ureno, na Wareno ndio walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Wakiwa wanne, wenza hukaa wakitazamana, kila mtu karata 10, na lazima ufuate aina iliyotangulia kama unayo. Usipokuwa nayo, waweza kukata kwa turufu, aina inayokula nyingine zote. Wakiwa wawili, kila mmoja hushika tatu, turufu hufunuliwa, na baada ya kila ulaji mnaokota, aliyekula akianza. Hapo hakuna kulazimishwa kufuata.

Kosa kubwa la wanagenzi ni kutanguliza saba ilhali ree ya aina hiyo haijatoka. Mpinzani akiwa nayo, umempa pointi 21 kwa mpigo mmoja. Saba ihifadhi, mwenzako akishatupa ree, mpakie hiyo saba, mradi hamna aliyebaki wa kukata. Ree isiyo ya turufu, kinyume chake, itoe mapema kabla mtu hajaishiwa na aina hiyo.

Vijana waliozoea poka ya mitaani hupata tabu zaidi, kwa kuwa kule kazi ni kumaliza karata mkononi, na ree ni ya kubadilisha aina. Wakija huku hutupa ree zao kwa pupa. Turufu ni 10 katika mchezo mzima: zihesabu zinavyotoka, la sivyo utatupa ree mbele ya mtu mwenye turufu ya mbili, naye ataila bila huruma.