Je, wajua kwa nini "mwezi mpya" wa kwenye simu hauonekani angani?

Jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, simu nyingi Dar es Salaam huonesha kitu kimoja: kiduara cheusi na maneno "mwezi mpya". Watu hutoka nje, hutazama magharibi, hawaoni kitu. Lawama huanza hapohapo: wingu, vumbi, taa za jiji, au programu imekosea. Programu haijakosea. Imejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kwa kikokotoo cha anga, yaani programu inayohesabu Jua na Mwezi viko wapi (si kile cha mafao ya kustaafu), "mwezi mpya" ni dakika ambayo Mwezi, ukitazamwa kutoka katikati ya Dunia, unakuwa upande mmoja na Jua. Dakika hiyo ni moja kwa dunia nzima, na wakati huo uso wa Mwezi unaotuelekea karibu wote hauna mwanga wa jua. Kinachosubiriwa na watu kule magharibi ni kitu kingine, nacho kina jina lake la siku nyingi: mwezi kuandama. Mwezi mpya wa kikokotoo hauonekani. Mwezi ulioandama umeonekana. Kati ya mmoja na mwingine mara nyingi hupita siku nzima, pengine zaidi.

Hadi hapo wengi wanaafiki. Kosa kubwa huja hatua inayofuata, na hata waliozoea vikokotoo huliingia: kudhani kwamba kilichobaki ni kuhesabu saa. Mwezi umezaliwa saa 6 mchana, jua linazama saa 12 na nusu, basi una umri wa saa 6 na nusu, bado mchanga, tusubiri ufikishe saa 15 au 20 utaonekana. Namba zenyewe zina asili. Rekodi inayotajwa sana ya kuuona kwa macho matupu ni ya mtazamaji wa anga Stephen James O'Meara, mwaka 1990, mwezi ukiwa na saa 15 na dakika 32. Kwa darubini ni ya Mohsen Mirsaeed wa Iran, mwaka 2002, saa 11 na dakika 40. Lakini rekodi si kiwango. Mtu mmoja kukimbia mita 100 kwa chini ya sekunde 10 hakufanyi kila mwenye raba afike kwa muda huo.

Ubovu wa umri kama kipimo ni huu. Bodaboda imelipita lori pale Ubungo dakika 20 zilizopita. Sasa ziko mbali kiasi gani? Huwezi kujibu mpaka ujue mwendo. Mwezi nao hulipita Jua kila baada ya siku 29 na nusu hivi, lakini haukimbii kwa mwendo mmoja, kwa sababu njia yake kuizunguka Dunia imebonyea kidogo. Ukiwa karibu nasi huliacha Jua nyuma kwa takriban digrii 0.6 kila saa. Ukiwa mbali, takriban 0.45. Katika saa 20, wa kwanza umekwenda digrii 12, wa pili digrii 9. Umri ni uleule, ila mmoja unaweza kuuona kwa macho na mwingine utautafuta kwa darubini hadi shingo iume. Ongeza kwamba njia ya Mwezi imeinama digrii 5 hivi kulinganisha na ile ya Jua, hivyo hata dakika ya "kukutana" Mwezi huweza kupita juu au chini ya Jua badala ya mbele yake.

Hii ndiyo sababu watu wa fani hii hutazama kwanza umbali wa pembe kati ya Jua na Mwezi, si saa. Unene wa hilali, yaani ule mwezi mwembamba wa mwanzo, hutoka moja kwa moja kwenye pembe hiyo. Kwa digrii 4, sehemu ya uso wa Mwezi yenye mwanga ni asilimia 0.12 tu. Kwa digrii 7 ni 0.37, kwa 10 ni 0.76, kwa 15 ni 1.7. Hata hiyo ya digrii 10, pale katikati ilikonenepa, ni nyembamba kuliko jicho linavyoweza kupambanua; tunaiona kwa sababu inang'aa, si kwa sababu ina upana. Mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alisema miaka ya 1930 kwamba chini ya digrii 7 hivi hilali haionekani kabisa. Alidhani vivuli vya milima ya Mwezi ndivyo vinavyoikata. Maelezo yanayopendelewa zaidi sasa ni kwamba ncha zake hufifia hadi jicho lishindwe kuzitofautisha na anga, ila mjadala kuhusu namba yenyewe haujafungwa. Kamera haina shida hiyo: tarehe 8 Julai 2013 mpiga picha za anga Thierry Legault, huko Ufaransa, aliipiga picha hilali dakika ileile ya mwezi mpya, mchana, ikiwa digrii 4 na nusu hivi kutoka kwenye Jua, akitumia mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni. Tena ni kitu halisi, si mchezo wa kompyuta. Lakini hakuna jicho lililoiona.

Pembe peke yake nayo haitoshi, kwa kuwa Mwezi lazima ubaki juu ya upeo wakati anga limeanza giza. Hapa Dar es Salaam ina bahati. Fikiria ndoo mbili: moja inashushwa kisimani kwa kamba, nyingine inaburutwa kwenye mteremko mrefu. Kwetu, digrii 6.8 tu kusini mwa ikweta, Jua na Mwezi huzama kama ndoo ya kisimani. Mwezi wa jioni ukiwa digrii 10 kutoka kwenye Jua mwezi Septemba, jua likizama hapa utakuwa karibu digrii 10 juu yake. London, siku hiyohiyo, njia yao imelala kiasi kwamba digrii 10 hizo zinabaki digrii 2 na nusu za kimo, na Mwezi unazama kwenye ukungu wa jioni wakati anga bado jeupe. (Ule mwinamo wa digrii 5 huweza kuboresha au kuharibu hesabu hii, kwa hiyo usiitumie peke yake.) Kila digrii ya kimo kwetu ni takriban dakika 4 kabla ya kuzama.

Mfano wa kweli: tarehe 10 Machi 2024 mwezi mpya ulikuwa saa 6 kamili mchana kwa saa zetu. Jua Dar es Salaam lilizama kama saa 12:38 jioni. Umbali wa pembe haukuzidi digrii 4 na ushee, Mwezi ulikuwa kama digrii 3 juu ya upeo, na ulizama ndani ya robo saa. Hapo hakuna cha kutafuta. Jioni iliyofuata, tarehe 11, pembe ilikuwa imefika kama digrii 18, uso wake karibu asilimia 2.5 una mwanga, na ukabaki angani karibu saa nzima baada ya jua. Mwezi ule ulikuwa karibu nasi, ukikimbia.

Jioni za namna hiyo ndipo husikika kauli kwamba "mwezi huu mnene, ni wa siku mbili, jana tuliukosa". Sivyo. Hilali inayoonekana kwa mara ya kwanza inaweza kuwa na saa 16, au 30, au hata 40, kutegemea mwezi mpya ulitokea saa ngapi kabla ya magharibi yako. Kama jioni moja ilikosa kidogo tu kiwango cha kuonekana, ya pili Mwezi umeshaongeza saa 24 nzima. Unene wake unakuambia pembe ya leo. Haukuambii kama jana ulionekana. (Nani afuate mwandamo wa wapi ni suala la fikihi, nalo halimo kwenye kikokotoo chochote.)

Sasa vifaa vyenyewe, vyote vya bure. Stellarium ya kompyuta, programu inayochora anga la mahali na saa unayotaka: bonyeza F6 kuweka mahali, F5 kuweka tarehe na saa. Andika latitudo ‑6.8 na longitudo 39.28. Alama ya kutoa ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Ukiiacha, kikokotoo kinakupeleka digrii 6.8 kaskazini, kwenye milima ya Bale, Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kariakoo, na kitakuhesabia kwa utulivu kabisa bila kulalamika. Mandhari inayokuja na programu ni ya Guéreins, kijiji cha Ufaransa, kwa hiyo Mwezi wa Dar utauona ukizama nyuma ya miti isiyokuhusu. Kitufe cha G huiondoa ardhi. Ila usibonyeze A kuondoa angahewa halafu ukaamini unachokiona. Bila angahewa Mwezi huonekana safi juu ya anga jeusi, na programu huacha pia kuhesabu jinsi hewa inavyopinda mwanga, ambayo kwenye upeo ni zaidi ya nusu digrii.

Ukitaka namba tupu, tumia Horizons, kikokotoo cha mtandaoni cha NASA JPL. Mwezi ni namba 301, weka mahali kwa kuandika longitudo na latitudo, kisha chagua safu ya 4 (mwelekeo na kimo), ya 10 (asilimia ya mwanga) na ya 23 (pembe kati ya Jua na Mwezi). Mbele ya pembe hiyo utakuta /T au /L: T maana yake Mwezi unalifuata Jua, yaani ni wa jioni, L unalitangulia, ni wa alfajiri. Hakikisha umechagua mahali juu ya uso wa Dunia, si katikati yake. Mwezi uko karibu kiasi kwamba ukiwa upeoni, kusimama Dar badala ya kiini cha Dunia kunaushusha karibu digrii nzima, yaani dakika 4 za kuzama. Vikokotoo viwili vinapotofautiana kwa dakika 4 hivi, anza kutilia shaka hapo.

Saa ni mtego mwingine, na suluhisho lake linachekesha. Horizons hutoa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Kuipata saa yetu unaongeza 3, kisha kuipata saa ya Kiswahili unatoa 6. Kwa hiyo toa 3 tu, basi: 15:38 ya UTC ni saa 12:38 jioni.

Kuhusu "utaonekana au hautaonekana", programu kama Accurate Times ya Mohammad Odeh hutumia kanuni zilizotokana na kumbukumbu za watazamaji. Ya Bernard Yallop ya 1997 ilijengwa juu ya taarifa 295, ya Odeh ya 2006 juu ya 737. Zinalinganisha kimo cha Mwezi juu ya Jua na upana wa hilali, kisha zinakupanga kwenye daraja: macho matupu, macho baada ya kuipata kwa darubini, darubini tu, haiwezekani. Zichukue kama utabiri. Hazijui unyevu wa hewa ya pwani jioni ya masika, na Mwezi ukiwa digrii 5 juu ya upeo unautazama kupitia hewa kama mara 10 ya ile iliyo utosini.

Kitu kimoja cha Yallop kinafaa kukariri: wakati mzuri wa kutafuta ni jua kuzama kuongeza sehemu nne za tisa za muda ambao Mwezi utabaki. Jua likizama saa 12:36 na Mwezi saa 1:21, tofauti ni dakika 45, chukua 20. Elekeza macho kuanzia saa 12:50, kilele kiwe 12:56. Darubini ya mikono miwili ya 7x50 au 10x50 inatosha, lakini isinyanyuliwe kabla jua halijazama lote, na ilengeshwe mapema kwenye taa ya mnara wa mbali. Hilali iliyo nje ya fokasi hupotea kabisa.

Kisha kuna suala la mahali. Watu hukimbilia Coco Beach kwa kuwa anga ni wazi, na ni wazi kweli, upande wa mashariki. Mwezi mwandamo uko mgongoni mwao, nyuma ya majengo. Ghorofa ya mita 12 iliyo mita 70 kutoka ulipo huziba digrii 10 karibu zote, yaani ngumi moja iliyonyooshwa. Afadhali paa la jengo refu, au upande wa magharibi wa rasi ya Msasani ambako mbele yako kuna maji ya ghuba. Ufukwe wa Coco una hilali yake, ile ya mwisho wa mwezi: rudisha tarehe siku moja au mbili kabla ya mwezi mpya, tafuta mstari wenye /L, na uwe pale saa 11 na nusu alfajiri.