Kuku wa Kienyeji Naye Anakufa kwa Mdondo

"Dokta, hawa ni wa kienyeji, hawahitaji chanjo." Maneno haya nayasikia tena na tena, na karibu kila mara nayasikia baada ya kuitwa kwa sababu kuku wameanza kufa. Yamenichosha, kwa hiyo leo nayajibu kwa kirefu. Dhana nyingine za wafugaji nitazigusa tu.

Dhana hii haifi kwa sababu ina ukweli kidogo ndani yake. Kuku wa kienyeji ni mvumilivu kweli. Anajitafutia chakula, anastahimili jua na mvua, analalia mayai na kulea vifaranga bila msaada wako. Lakini kuvumilia njaa ni jambo moja na kuvumilia virusi ni jingine kabisa. Aina kali ya virusi vya mdondo, au kideri, ikiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa inaweza kuondoka na kuku tisa kati ya kumi, na haiulizi kama ni wa kienyeji au wa kisasa. Milipuko ya kwanza iliyoandikwa na wataalamu ilikuwa mwaka 1926, kisiwani Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Tangu wakati huo hadi leo tiba haijapatikana.

Hapo ndipo huwa naambiwa, "Mbona bibi alifuga miaka yote bila chanjo?" Muulize bibi vizuri. Atakwambia kwamba kila baada ya muda banda lilibaki tupu, akaanza upya na kuku wawili watatu wa kupewa. Hasara hiyo ilizoeleka hadi ikaonekana ndiyo kawaida ya kufuga.

Wengine husema mdondo huletwa na upepo wa majira fulani. Aghalabu huletwa na watu. Mdondo huingia na kuku mgeni uliyemnunua jana na kumchanganya na wenzake jana hiyohiyo, na matenga yasiyosafishwa, na kinyesi kilichoganda kwenye soli za viatu, na kuku mgonjwa aliyeuzwa haraka na mwenyewe kabla hajamfia. Kuku mpya atengwe wiki tatu. Siyo siku tatu.

Kisha kuna dawa. Mwarobaini, shubiri, pilipili, majivu, na siku hizi antibayotiki iliyokorogwa kwenye maji ya kunywa. Ukishaona kuhara kijani, mabawa yaliyolegea, kuku anahema mdomo wazi na wengine shingo zimepinda, hakuna hata moja kati ya dawa hizo itakayoua virusi vilivyo ndani ya kuku. Antibayotiki hupambana na bakteria. Kuku wachache wakipona, sifa zote anapewa mwarobaini, wakati ni miili yao wenyewe iliyoshinda. Na mayai yanayotagwa wakati wa antibayotiki yana mabaki ya dawa, nawe unayakaangia watoto ukiamini ni chakula safi kwa kuwa kimetoka nyumbani.

Linaloniumiza zaidi ni hili: "Nilichanja, wakafa vilevile." Nikiulizia, karibu kila mara napata sababu. Mmoja alichanja baada ya jirani kuanza kupoteza kuku, na virusi tayari vilikuwa bandani kwake. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na chanjo haiponyi aliyekwisha kuambukizwa. Mwingine alichanja mara moja, miaka miwili iliyopita, akadhani yamekwisha. Mwingine alichanganya chanjo ya kunywesha na maji ya bomba yenye klorini, ambayo huua virusi dhaifu vya chanjo, vinavyomjengea kuku kinga, kabla hajagusa maji. Na yupo aliyeiacha chupa juani mchana kutwa.

Mimi huwashauri wenye kuku wachache watumie chanjo ya matone ya jicho. I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, hustahimili joto kuliko zile za zamani, ingawa nayo haitaki jua. Fanya kazi hii jioni wakishapanda kulala, huna haja ya kumkimbiza yeyote. Mlaze kuku ubavu, jicho moja litazame juu, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha subiri. Usimwachie mpaka apepese na tone lipotee lote ndani ya jicho. Ukiharakisha, anatikisa kichwa na chanjo inaishia kwenye manyoya. Kifaranga na jogoo mkubwa wanapata tone hilohilo moja. Rudia kila baada ya miezi minne, na andika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa banda, siyo kichwani. Waombe majirani mchanje siku moja, kwa kuwa kuku wenu wanachakura pamoja.

Sasa mengine. Mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo unamhitaji ukitaka vifaranga, basi. Kuku akiacha kutaga, angalia chakula, angalia kama ananyonyoka manyoya, angalia saa za mwanga. Kiini kilichokolea rangi nacho kinaonyesha tu kwamba kuku kala majani au mahindi ya njano, hakithibitishi kwamba yai lina lishe zaidi.

Wapo wanaoamini sungura hanywi maji. Anakunywa. Sijui nilisemeje lieleweke. Kwamba anakula majani mabichi hakuondoi kiu, hasa mama anayenyonyesha, ambaye akikosa maji maziwa hukauka na watoto hufa. Maji safi yawepo mchana na usiku.

Samadi mbichi ya kuku haifai kumwagwa kwenye mchicha unaokaribia kuchumwa. Ina naitrojeni nyingi inayounguza mizizi, na inaweza kuwa na salmonela. Iozeshe kwanza kwenye lundo linalopata joto, ukiligeuzageuza. Ukiitia shambani ikiwa mbichi, itie mapema, siku 120 kabla ya kuvuna mboga zinazogusa udongo.

La mwisho ni maziwa ya mbuzi. "Huyu namjua, nimemfuga mwenyewe, maziwa yake hayana haja ya kuchemshwa." Kumjua mbuzi hakukuonyeshi bakteria aliowabeba. Mbuzi mwenye brusela, mmoja wa bakteria hao, anaweza kunenepa na kung'aa manyoya huku maziwa yake yakikupa homa za kupanda na kushuka na maumivu ya viungo kwa miezi. Chemsha kila siku, hata ya kutia kwenye chai ya mtu mmoja. Na mbuzi akitupa mimba, usishike kijusi wala kondo kwa mikono mitupu. Vaa glavu, fukia kwa kina mahali mbwa hawawezi kufukua, mtenge, kisha mwite mtaalamu achukue damu ya kundi zima ipimwe.