Je, wajua kwa nini kebo ya MIDI haipitishi sauti?

Anayeunganisha kinanda cha umeme na kifaa kingine kwa kebo ya MIDI (mfumo wa mawasiliano kati ya vyombo vya muziki vya kielektroniki), kisha asisikie kitu, aghalabu huishuku kebo, kwa sababu anaamini kwamba muziki unapita ndani yake kama unavyopita katika waya wa spika. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka: plagi ya duara yenye pini 5 ilikuwa tayari ikitumika kubebea sauti katika redio na rekoda za kaseti kabla ya MIDI kuzinduliwa. Hata hivyo, katika kebo ya MIDI hamna sauti yoyote, na ishara zake zikielekezwa kwenye amplifaya hazitatoa wimbo, bali mikwaruzo.

Kinachopita humo ni maagizo ya tarakimu. Kitufe kinapobonyezwa, kinanda hutuma baiti 3: ya kwanza huagiza noti ianze na hutaja chaneli moja kati ya 16, ya pili hutaja namba ya noti, kuanzia 0 hadi 127, ambapo C ya kati ni 60, ya tatu hueleza kitufe kilishuka kwa kasi gani. Ni sawa na kumpelekea fundi cherehani vipimo vya nguo: kitambaa ni chake, mashine ni yake, na mafundi wawili waliopokea vipimo vilevile wanaweza kutoa nguo zisizofanana kabisa. Ndiyo maana agizo lilelile huweza kutoa piano kwenye kifaa kimoja na tarumbeta kwenye kingine, na ndiyo maana kifaa kinachopokea huhitaji kebo yake ya sauti ya kwenda kwenye spika.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba noti inapoendelea kulia, kinanda hakilazimiki kutuma chochote juu yake hadi kitufe kiachiwe. Kebo ikichomolewa katikati, agizo la kunyamaza halifiki, na noti huweza kuendelea kulia, isipokuwa kwenye vifaa vinavyotambua kwamba mawasiliano yamekatika. Aidha, katika kebo hii ya pini 5, ishara humalizia safari yake kama mwanga: mkondo wa umeme huwasha taa ndogo ndani ya kifaa kinachopokea, na kihisi kilicho mkabala nayo husoma mimweko yake. Hivyo vifaa viwili huwasiliana bila saketi zao kugusana, na muungurumo unaoweza kuletwa na waya za ardhi huepukwa.

Mfumo huu ulioneshwa hadharani mwaka 1983, vinanda vya Prophet-600 na Jupiter-6, vya kampuni mbili shindani, vilipounganishwa. Kasi yake ni biti 31,250 kwa sekunde, nayo yatosha baiti 3 kupita kwa muda usiotimia milisekunde 1.

Kwa hiyo ukimya huchunguzwa kwa kufuata njia ya agizo: tundu la OUT la kinanda liunganishwe na tundu la IN la kifaa kingine, na chaneli za pande zote mbili zilingane. Kebo ya USB hubeba maagizo yaleyale, ingawa baadhi ya vinanda hupitisha humo sauti pia kwa njia yake tofauti. Noti ikisikika maradufu wakati kompyuta imeunganishwa, mara nyingi kinanda kinacheza noti hiyo chenyewe na kuicheza tena kwa agizo lililorudishwa na kompyuta. Kuzima mpangilio wa Local Control hutenganisha vitufe na mtambo wa sauti wa kinanda, na agizo la kompyuta likabaki peke yake.