Panya Road sio bangi tu jamani

Kila Panya Road, yale magenge ya vijana wanaovamia na kupora watu kwa mapanga, wakizuka hapa Dar, kama mwanzoni mwa 2015 na tena 2022, maneno ni yaleyale, wavuta bangi hao, wazazi wameshindwa kulea. Tunakosea. Bangi ipo ndio, ila wavutaji wako kibao mtaani na hawajawahi kushika panga.

Mara nyingi dogo anaingizwa na washkaji. Kaacha shule, nyumbani chumba kimoja watu sita, basi kutwa yuko maskani, pale anapata msosi, anapata jina, na madogo wa mtaa wa pili wakimpiga kuna wa kumtetea, na huko kutetewa ni deni. Leo anaambiwa simama hapo kona uangalie nani anakuja, kesho anapewa simu akauze. Akitaka kutoka anaogopa, ashajua mengi.

Halafu mwenzao akiuawa na wananchi wenye hasira wanaobaki wanataka kulipiza, ile taharuki ya Januari 2015 ilizuka wakitoka kumzika mwenzao. Na huyo mzazi tunayesema kashindwa kulea, mama yake dogo, alfajiri ashatoka kuuza vitumbua, mtoto kamuacha kalala.