Kuongeza saizi ya vipandikizi vya matiti si kujaza upepo

Kwenye saluni za Dodoma, stori za urembo zikinoga, utasikia kwamba mwanamke mwenye vipandikizi vya matiti akitaka saizi kubwa zaidi, daktari anaongezea tu, maana nafasi ipo tayari. Wazo linaeleweka, vitu vingi tunavyotumia hujazwa.

Lakini kipandikizi cha kawaida ni kifuko cha silikoni chenye jeli au maji ya chumvi, na cha jeli hutoka kiwandani kimeshafungwa. Kubadili saizi ni upasuaji mwingine, mara nyingi kwa nusu kaputi: cha zamani kinatolewa, na utando uliojengwa na mwili kukizunguka huenda ukachanwa ili kipya kienee. Halafu kuna uzito, ambao wengi hawauulizii. Kipandikizi kikubwa huvuta ngozi mwaka baada ya mwaka.

Hilo unaweza kulipima nyumbani. Angalia kadi uliyopewa baada ya upasuaji. Ujazo huandikwa kwa mililita au "cc", ambayo ni kipimo kilekile. Kama unawaza kuongeza 100, tia mililita 100 za maji, yaani gramu 100, kwenye kila kimfuko kisichovuja, weka ndani ya sidiria, kisha nenda Soko la Majengo ukarudi. Kwenye mizani ya nyanya ni kidogo sana. Jioni, yaulize mabega.