Je, wajua? Katika uvimbe wa limfoma ya Hodgkin, seli za saratani ndizo chache

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tezi ya shingoni inapovimba kwa saratani, imevimba kwa kujaa seli za saratani, kama gunia linavyojaa viazi. Imani hiyo iliniondoka katika maabara moja jijini Mbeya, siku nilipoinamia hadubini kutazama kipande chembamba cha tezi yenye limfoma ya Hodgkin, saratani inayoanzia katika seli za kinga ya mwili. Kila mahali palitapakaa seli ndogo za mviringo zenye rangi ya zambarau, nami nikadhani hiyo ndiyo saratani. Mtaalamu akasogeza kioo taratibu hadi ikatokea seli moja kubwa mno, yenye viini viwili vilivyokaa sambamba kama macho ya bundi. "Ni hiyo," akasema. "Hizo nyingine zimeitwa tu."

Seli hiyo huitwa Reed-Sternberg, kwa majina ya Carl Sternberg na Dorothy Reed walioieleza mwaka 1898 na 1902. Ugonjwa wenyewe Thomas Hodgkin alikuwa ameueleza London tangu mwaka 1832. Asili ya seli ya Reed-Sternberg ni seli B, yaani mmoja wa askari wa kinga ya mwili aliyeasi. Mara nyingi seli hizi ni takribani asilimia 1 tu ya uvimbe, na zilizobaki ni seli T, seli B za kawaida, makrofaji na eosinofili, ambao wote ni askari wa kinga wasio na saratani. Anayetazama umati wa Soko la Mwanjelwa kwa mbali anaweza kudhani wote ni wachuuzi, kumbe mchuuzi ni mmoja na wengine wamefuata sauti yake. Sauti ya seli hii ni protini inazozimwaga, mojawapo ikiitwa TARC, ambayo huzivuta seli T. Kwa hiyo kinachovimbisha tezi hasa ni walioitwa. Si limfoma zote ziko hivyo: uvimbe wa Burkitt, kwa mfano, umesheheni seli za saratani zenyewe.

Nilikosea pia nilipodhani kwamba, kwa kuwa askari ni wengi kiasi hicho, bila shaka wanapigana. Wengi wao wamesimama tu, na sababu yake inaeleweka vizuri kwa mtu aliyewahi kuteremka Mlima Kitonga, kule Iringa, ndani ya lori lenye mzigo. Lori bila breki pale ni maafa. Vivyo hivyo seli T isiyo na breki ingeweza kuushambulia mwili wenyewe. Breki ya seli T ni kipokezi kiitwacho PD-1, na ajabu yake ni kwamba kanyagio lake liko nje ya lori, mahali ambapo jirani anaweza kulikanyaga. Mguu unaolikanyaga ni protini iitwayo PD-L1. Seli nyingi za Reed-Sternberg zina nakala za ziada za jeni ya protini hiyo katika kromosomu ya 9, hivyo miguu yake ni mingi, na makrofaji waliozizunguka huongeza ya kwao. Seli T hufika injini ikiunguruma, ikakanyagiwa breki, ikabaki palepale.

PD-1 iligunduliwa mwaka 1992 katika maabara ya Tasuku Honjo wa Japani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison. Dawa ya nivolumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa limfoma ya Hodgkin iliyorudi baada ya matibabu, hufunika kanyagio hilo ili mguu usilifikie. Hata hivyo mfano wa breki hautoshi peke yake, kwa sababu seli nyingi za Reed-Sternberg zimepoteza alama ambazo seli T wauaji huzitambulia. Watafiti wengine wanaona kazi ya kuishambulia saratani baada ya dawa hufanywa na seli T wasaidizi. Wengine wanasema dawa huvuruga msaada ambao seli ya saratani huupata kwa umati wake. Hoja hii ya pili ina uzito, maana seli hizi ni vigumu sana kuzikuza maabara zikiwa peke yake.

Uchache huo una athari hospitalini. Dalili za limfoma hii, yaani homa, jasho la usiku na kukonda, hufanana na za kifua kikuu cha tezi, na sindano nyembamba inaweza kunyonya walioitwa tu, ikamkosa mwitaji. Ndiyo maana daktari anayeshuku limfoma hupendelea kuitoa tezi nzima na kuipeleka maabara.