Je wajua kwa nini baadhi ya wabunge wa Marekani wanataka sheria kabisa ya kuwalinda watabiri wa hali ya hewa?

Mtu atauliza, si kuna satelaiti na kompyuta, watu wa nini tena? Swali zuri, maana mwaka 2025 serikali ya Trump ilipopunguza watumishi wa umma, idara yao ya hali ya hewa, NWS, ilipoteza watu zaidi ya 500 kati ya elfu nne na kitu, wengine walifukuzwa, wengine wakastaafu mapema, na pengo likaanza kuonekana kwenye baluni.

Iko hivi. Mara mbili kwa siku, kwa wakati mmoja dunia nzima, vituo vinajaza baluni gesi, vinaifunga kifaa kidogo kwa chini na kuiachia, inapanda mpaka kama kilomita 30 huku ikituma joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na upepo, halafu inapasuka. Satelaiti inatazama kwa mbali, baluni inapita ndani ya hewa yenyewe, na kwenye vituo vingi anayeirusha ni binadamu. Kotzebue kule Alaska, Omaha na Rapid City walisimamisha kwa kukosa watu. Na hizo data haziishii kwao, zinaingia kwenye modeli za dunia nzima, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa utabiri, ikiwemo ile ya Marekani ya GFS ambayo app nyingi za hali ya hewa kwenye simu zetu zinaitumia.

Ila kwangu kubwa zaidi ni mtu wa kufikisha onyo. Usiku wa tarehe 4 Julai 2025, kaunti ya Kerr, Texas, mto Guadalupe ulipanda kama mita 8 ndani ya dakika 45, na mafuriko ya siku zile yaliua watu zaidi ya 130. Tuseme ukweli, NWS walitoa onyo saa saba na dakika 14 usiku na zamu ilikuwa na watu wa ziada, kwa hiyo siwezi kusema vifo vyote vilitokana na kupunguza watu. Lakini afisa wa kuunganisha ofisi ile na viongozi wa kaunti alikuwa amestaafu mapema na nafasi yake ilikuwa wazi, na Kerr hawakuwa na ving'ora kando ya mto, miaka ya nyuma waliomba hela wakanyimwa. Onyo lisipomwamsha aliyelala limemsaidia nani?

Hela za maandalizi nazo zilikatwa. Aprili 2025 FEMA, shirika la serikali yao la kushughulikia majanga, ilitangaza kuifuta BRIC, programu ya kuzisaidia jamii kujikinga kabla ya janga, majimbo 20 yakaenda mahakamani na Desemba jaji wa Boston akasema imefutwa kinyume cha sheria.

Sasa kwa nini sheria? Kwa sababu Agosti 2025 NWS waliruhusiwa kuajiri mpaka 450, lakini ruhusa ya leo kesho inaondolewa. Mswada wa wabunge Mike Flood, Republican wa Nebraska, na Eric Sorensen, Democrat wa Illinois aliyekuwa mtabiri wa TV, unataka kazi hizi zihesabiwe ni za usalama wa umma ili amri za kusimamisha ajira zisiziguse. Mimi naunga mkono kabisa, ingawa wale wazoefu waliokwishastaafu hakuna mswada utakaowarudisha, vijana watakaoingia itabidi wajifunze mito na mabonde ya eneo lao miaka kadhaa, na misimu ya vimbunga haiwasubiri.